Simu Janja na Kidonda cha Mguu wa Kisukari: Picha Isimzuie Mgonjwa Kufika Kliniki

Miongoni mwa madhara yote ya kisukari, kidonda cha mguu ndicho kinachotuumbua zaidi sisi watoa huduma, kwa kuwa hakijifichi. Figo huharibika kimya kimya, na neva hufa pasipo mwenye mwili kujua. Kidonda kiko nje. Kinaonekana kwa macho, kinapimika kwa rula, na kikiwahiwa mara nyingi hupona. Hata hivyo watu wenye kisukari wangali wanakatwa miguu, na tunapofungua mafaili yao tunakuta kuwa kidonda kilisafishwa na kufungwa bandeji kwa wiki nyingi pasipo mtu yeyote kuandika kilikuwa na ukubwa gani siku ya kwanza, wala kama kilikuwa kikipungua au kikiongezeka.

Pengo hilo ndilo ambalo programu za simu janja zinakuja kuliziba. Mgonjwa, jamaa yake au muuguzi hupiga picha ya kidonda. Programu huchora mpaka wake, huhesabu eneo lake kwa sentimita za mraba, kisha huiweka namba hiyo katika mchoro unaoonyesha mwenendo wa kidonda wiki baada ya wiki. Baadhi ya programu hizo humtumia daktari aliye mbali picha hiyo. Katika nchi ambamo mgonjwa anaweza kusafiri siku nzima ili kumfikia mtaalamu, ni rahisi kuelewa kwa nini wengi wetu tunazipokea kwa matumaini.

Nami ninazipokea, ila kwa sharti. Maoni yangu ni kwamba simu janja ni chombo chema kwa kazi moja: kupima eneo la kidonda na kufuatilia mwenendo wake. Ikipewa kazi ya pili, yaani kuamua ni mgonjwa yupi aje kliniki na yupi abaki nyumbani, itatugharimu miguu ya watu, na pengine maisha yao. Kutokana na hilo ninasema pia kwamba kituo kisicho na mtu wa kuitazama picha na kuijibu siku hiyo hiyo hakipaswi kuwaomba wagonjwa watume picha. Naomba nizieleze sababu zangu moja baada ya nyingine.

Kwa nini kidonda kipimwe

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na kisukari. Wataalamu wa miguu ya kisukari wanakadiria kuwa kati ya 19% na 34% ya watu wenye ugonjwa huu watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao. Kwa hiyo hatuzungumzii tatizo la wachache.

Wengi wetu tumezoea kukipima kidonda kwa macho na kwa maneno. Katika faili tunaandika "kinaendelea vizuri", "kinapona taratibu" au "hakijabadilika". Maneno hayo hutegemea nani anatazama na alikiona kidonda lini mara ya mwisho. Jicho nalo hudanganya kwa namna mbili. Chukua mfano wa kidonda chenye urefu wa sentimita 3 na upana wa sentimita 2. Ukizidisha unapata sentimita 6 za mraba. Baada ya wiki nne urefu umekuwa sentimita 2 na upana sentimita 1.5, yaani sentimita 3 za mraba. Jicho linaona kuwa urefu umepungua kwa sentimita moja tu na upana kwa nusu sentimita, na mgonjwa aliyechoka anaweza kukata tamaa, ilhali nusu ya kidonda imekwisha kufunga. Kidonda kingine kinaweza kuwa kimekauka, hakina usaha wala harufu, na kila anayekifungua anampongeza mgonjwa, kumbe eneo lake ni lile lile la mwezi uliopita.

Thamani ya namba hiyo imethibitishwa. Mwaka 2003 Peter Sheehan na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 203 wenye vidonda vya miguu ya kisukari, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Mpaka uliowatenganisha ulikuwa punguzo la eneo la kidonda la 53% katika wiki nne za mwanzo. Miongoni mwa wale ambao vidonda vyao vilipungua kupita kiwango hicho, 58% walikuwa wamepona kufikia wiki ya 12. Miongoni mwa wale ambao vidonda vyao vilipungua chini ya kiwango hicho, waliopona walikuwa 9% tu.

Maana yake kwa kazi yetu ya kila siku ni nyepesi kuieleza. Kidonda ambacho hakijapungua angalau kwa nusu baada ya wiki nne za matibabu mazuri kinatuambia kuwa kuna jambo tumelikosa. Huenda damu haifiki mguuni vya kutosha. Huenda maambukizi yameingia mfupani. Huenda mgonjwa angali anakikanyaga kidonda kila siku kwa sababu hakupewa kiatu wala plasta ngumu ya kuondoa uzito juu yake. Huenda sukari haijadhibitiwa. Kumpa mgonjwa huyo bandeji nyingine na tarehe ya mwezi ujao ni kupoteza muda ambao mguu wake hauna. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wiki ya nne ndiyo siku ya kuutazama ufa.

Programu inavyopima na inavyokosea

Hapa ndipo simu inapotusaidia kweli. Rula huzidisha urefu kwa upana na kukichukulia kila kidonda kana kwamba ni mstatili. Kidonda chenye umbo la yai kikipimwa hivyo huonekana kikubwa kuliko kilivyo kwa takriban 27%, na chenye kingo zilizopindapinda zaidi hukosewa zaidi. Programu hufuata ukingo wenyewe. Ukiweka kando ya kidonda kipande cha rula au kibandiko chenye ukubwa unaojulikana, programu hulinganisha nukta za picha zilizo ndani ya kidonda na zile za kibandiko, kisha hutoa eneo lililo karibu na ukweli.

Lakini usahihi huo hutegemea mkono ulioshika simu. Simu ikiinamishwa nyuzi 30 kutoka mahali inapopaswa kuwa, eneo linaloonekana hupungua kwa takriban 13%. Ikiinamishwa nyuzi 45, hupungua kwa karibu 30%. Mgonjwa ambaye wiki hii alipiga picha kwa kunyoosha simu na wiki ijayo akaipiga kwa kuiinamisha ataambiwa kuwa kidonda kimepungua, wakati hakijapungua hata chembe. Kisigino na kidole ni vya mviringo, na picha bapa haiwezi kuonyesha sehemu inayozunguka upande wa pili. Sugu iliyofunika ukingo wa kidonda huficha ukubwa wake halisi. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kinapaswa kuchukuliwa baada ya muuguzi kusafisha kidonda na kuondoa sugu na nyama iliyokufa. Aliyepima kabla ya kusafisha na akapima tena baada ya kusafisha anaweza kuogopa bure, akadhani kidonda kimeongezeka.

Yuko pia mgonjwa mwenyewe. Vidonda vingi vya kisukari huwa chini ya wayo, na mtu mzima mwenye viungo vilivyokakamaa hawezi kuupindua mguu akautazama, sembuse kuupiga picha. Wengi wana macho yaliyoathiriwa na kisukari hicho hicho. Watafiti wa Brisbane, Australia, walioandika mwaka 2018 kuhusu programu iitwayo MyFootCare, walilikabili tatizo hilo kwa kuifanya simu ilazwe sakafuni, mgonjwa aweke mguu juu yake, naye aongozwe kwa sauti. Waliotumia programu hiyo walipenda kuuona mwenendo wa kidonda chao, lakini kuipata picha ya wayo kulibaki kuwa jambo gumu. Kwetu, katika nyumba yenye mwanga hafifu na simu moja inayotumiwa na watu watano, ugumu huo utakuwa mkubwa zaidi.

Jambo ambalo kamera hailioni

Tuseme sasa kuwa picha ni safi na kipimo ni sahihi. Je, tumekijua kidonda? Uko mfumo wa kukipa kidonda alama uitwao SINBAD, ambao Kikundi Kazi cha Kimataifa cha Mguu wa Kisukari kinaupendekeza kwa mawasiliano kati ya watoa huduma, kwa kuwa hauhitaji mashine. Una maswali sita, na kila swali lina alama sifuri au moja. Kidonda kiko mbele ya mguu, au kiko katikati na kisiginoni? Damu inafika, yaani mapigo ya mshipa yanasikika mguuni, au la? Mguu una ganzi? Kuna maambukizi? Eneo la kidonda limefikia sentimita moja ya mraba? Kina chake kimefika kwenye msuli, kano au mfupa?

Hebu tuangalie ni mangapi kati ya hayo sita yanaweza kujibiwa na picha. Mahali pa kidonda panaonekana. Eneo linapimika. Maambukizi yanaweza kuonekana pale yalipokomaa, lakini joto na ugumu wa ngozi havionekani, wala harufu haisafiri kwa intaneti. Mapigo ya mshipa juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani yanahitaji vidole vya mtu. Ganzi inahitaji uzi maalumu wa nailoni, au angalau ncha ya kidole inayogusa vidole vya mgonjwa huku amefumba macho. Kina kinahitaji kijiti cha chuma kilichotakaswa, kiingizwe taratibu kwenye kidonda ili kujua kama kinagonga mfupa. Kidonda chenye tundu dogo kama punje ya mtama kinaweza kuwa na njia ndefu ndani yake inayofika hadi mfupani. Katika mchoro wa programu kidonda hicho kitaonekana kidogo na kinachopungua, mpaka siku mguu utakapovimba.

Hili si wasiwasi wa nadharia tu. Mwaka 2017 van Netten na wenzake walichapisha utafiti ambamo wataalamu walipewa picha za simu za vidonda vya miguu ya kisukari, majibu yao yakalinganishwa na uchunguzi uliofanywa mgonjwa akiwepo. Matokeo yalikuwa hafifu. Wataalamu hawakukubaliana vya kutosha wao kwa wao, wala majibu yao hayakulingana vya kutosha na uchunguzi wa ana kwa ana. Watafiti walihitimisha kuwa picha za simu zisitumike peke yake kama chombo cha kuamulia tiba. Tukumbuke kwamba waliokosea hapo walikuwa wataalamu wenye uzoefu. Programu haina sababu ya kuaminiwa kuliko wao.

Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni rangi ya ngozi. Wekundu unaotajwa katika vitabu kuwa dalili ya maambukizi hauonekani kwa urahisi katika ngozi nyeusi. Sisi hutafuta joto, uvimbe, mng'ao wa ngozi, na weusi uliozidi ule wa kawaida, na mengi ya hayo huyajua kwa kugusa. Programu zinazotumia akili bandia hufunzwa kwa maelfu ya picha, na inafaa kuuliza picha hizo zilitoka wapi. Shindano la kimataifa la mwaka 2020 la kuifunza kompyuta itambue vidonda vya miguu ya kisukari lilitumia picha 4,000 zilizotoka hospitali za Lancashire, kaskazini magharibi mwa England. Miguu ya huko huvaa soksi na viatu vilivyofungwa mwaka mzima. Miguu ya hapa hutembea kwa ndala juu ya mchanga wa moto, na mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walieleza habari za wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasihisi chochote kwa sababu ya ganzi. Programu iliyofunzwa kwa miguu ya Lancashire ipimwe kwanza kwa miguu ya Temeke na Tandahimba kabla hatujaikabidhi mgonjwa.

Somo la Denmark na Norway

Wanaotetea ufuatiliaji wa mbali husema kwamba nchi zilizoendelea zimekwisha kufanya hivyo. Ni kweli, na matokeo yao yanastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa hayakufanana.

Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa wapatao 370. Kundi moja lilifuatiliwa kliniki kama kawaida. Kundi la pili lilitembelewa na muuguzi nyumbani mara mbili kwa kila mara moja ya kufika kliniki, huku picha na maelezo yakitumwa kwa wataalamu. Uponyaji wa vidonda na idadi ya waliokatwa viungo havikutofautiana kwa kiasi cha maana kati ya makundi hayo mawili. Lakini vifo vilikuwa vingi zaidi katika kundi lililofuatiliwa kwa mbali, na watafiti hawakuweza kueleza sababu. Mguu wa kisukari haujitegemei. Umeunganishwa na moyo na figo, na mtu anayefika kliniki huonekana mzima wake, pamoja na pumzi yake na uso wake.

Nchini Norway, utafiti wa wagonjwa 182 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa muda wa kupona kwa waliofuatiliwa kwa mbali haukuwa mbaya kuliko wa wale wa kliniki, na waliokatwa viungo walikuwa wachache zaidi: 6.4% ikilinganishwa na 14.8%. Tofauti ninayoiona mimi, na ambayo ingetufaa kuiiga, ni kwamba huko simu ilishikwa na muuguzi wa eneo analoishi mgonjwa, na upande wa pili kulikuwa na muuguzi bingwa wa hospitali aliyemwongoza na kumfunza. Simu iliongeza ujuzi wa mtu aliyekuwa karibu na mguu. Haikuwekwa mahali pa mtu huyo.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kulijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilianzisha mafunzo yaliyoitwa Hatua kwa Hatua, ambamo daktari na muuguzi wa kituo kimoja walifunzwa pamoja namna ya kuchunguza na kutibu mguu wa kisukari, wakarudi kituoni kwao na vifaa vya kazi. Msingi wake ulikuwa jozi ya watu wenye ujuzi walio karibu na mgonjwa. Programu ya simu ikijengwa juu ya msingi huo itasimama.

Picha ni mali ya nani

Jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa haraka mno ni faragha. Watoa huduma wengi leo hupiga picha za vidonda kwa simu zao wenyewe na kuzituma katika makundi ya WhatsApp ili kuomba ushauri. Nia ni njema, na mara nyingine ushauri huo huokoa mguu. Lakini picha hubaki ndani ya simu pamoja na picha za harusi na za watoto. Simu hupotea, huibwa, huuzwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya mguu wenye jina, au wenye kovu linalojulikana mtaani, ni taarifa ya mgonjwa. Anapaswa kuombwa ridhaa, aelezwe picha itakwenda kwa nani na itahifadhiwa wapi, na awe huru kukataa bila kunyimwa huduma. Programu inayotolewa bure na kampuni iliyo nje ya nchi lazima iulizwe picha hizo zinatunzwa wapi na zinatumiwa kwa kazi gani nyingine. Mgonjwa wetu asilipe matibabu yake kwa picha za mwili wake pasipo kujua.

Masharti ninayopendekeza

Kwa kuzingatia hayo yote, ninapendekeza kila kituo kinachotaka kutumia programu ya kupimia vidonda kikubaliane kwanza juu ya mambo matano.

Kwanza, kila mgonjwa mwenye kidonda kipya achunguzwe kwa mikono kabla ya picha ya kwanza: mapigo ya mshipa, ganzi, kina na maambukizi. Uingereza inautaka mfumo wake wa afya umfikishe mgonjwa mwenye tatizo jipya la mguu kwa timu husika ndani ya siku moja ya kazi, na mwenye hatari kubwa apelekwe hospitali papo hapo. Sisi tunaweza kushindwa kuifikia siku hiyo moja kwa sababu ya umbali, lakini tusiache kuilenga.

Pili, kipimo kichukuliwe mara moja kwa wiki, baada ya kusafisha kidonda, kwa mtindo uleule: rula kando ya kidonda, tarehe, simu ikiwa sambamba na ngozi.

Tatu, wiki ya nne iwe siku ya uamuzi. Kidonda ambacho hakijapungua kwa nusu kipewe rufaa, na barua ya rufaa iwe na vipimo vyote vya awali. Miongozo ya kimataifa inataka mishipa ya damu ichunguzwe iwapo kidonda hakiponi ndani ya wiki nne hadi sita licha ya matibabu mazuri.

Nne, kila picha iwe na mpokeaji anayejulikana kwa jina na zamu, mwenye wajibu wa kuijibu siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyetuma picha anaamini kuwa ameonwa na daktari. Asipojibiwa atasubiri, na katika kusubiri kwake ndiko mguu unakooza. Kwa sababu hiyo picha isiyojibiwa ina hatari kubwa kuliko kutokuwapo kwa picha; asiyekuwa na simu angepanda gari akaja.

Tano, kukosa simu kusimnyime mtu kipimo. Karatasi angavu ya plastiki iliyotakaswa, kalamu ya wino usiofutika na karatasi ya miraba vinatosha kuchora ukingo wa kidonda na kuhesabu eneo lake. Zahanati inayofanya hivyo kila wiki na kuandika katika kadi ya mgonjwa imekwisha kupata sehemu kubwa ya faida ambayo programu inaiahidi. Kituo ambacho hakijaweza kuandika namba kwa kalamu hakitaweza kuifuatilia kwa simu.

Neno kwa mgonjwa na jamaa zake

Ndugu msomaji unayeishi na kisukari, iwapo unayo programu ya namna hii, au unapiga tu picha ya kidonda chako kila wiki kwa simu ya mwanao, endelea. Picha hizo zitamsaidia mtu atakayekutibu, na zitakupa moyo pale kidonda kinapopungua. Njoo nazo kliniki, umwonyeshe muuguzi, mwulize: "Je, kimepungua kwa kiasi gani tangu mwezi uliopita?" Hilo ni swali lako kwa haki, na asiyekuwa na jibu ana wajibu wa kulitafuta.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji picha. Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe mpya, mguu mmoja kuwa na joto kuliko mwingine, ngozi kugeuka nyeusi, au ukipata homa, kutetemeka, au sukari kupanda bila sababu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama programu inasema kidonda kinapungua, na hata kama huna maumivu yoyote. Mguu wenye ganzi hauumi, na kutouma kwake si dalili ya kupona. Usiuloweke katika maji ya moto wala usiupake majivu. Ngozi isiyohisi huungua bila kukujulisha.

Na wewe unayemuuguza mzazi au mwenzi mwenye kisukari, macho yako ndiyo yanayouona wayo ambao yeye hawezi kuuona. Utazame kila jioni, katikati ya vidole na chini ya kisigino, mkiwa na simu au msipokuwa nayo. Jeraha dogo utakaloliona leo na kumpeleka kesho asubuhi lina nafasi nzuri ya kupona kabla halijahitaji programu yoyote ya kulipima.

Kwa wenzangu wa taaluma, na kwa wale walio katika nafasi za kuamua fedha zielekezwe wapi, ombi langu ni kwamba kabla ya kununua programu tuulize vituo vyetu vina mizani, rula, uzi wa kupimia ganzi, vifaa vya kusafishia vidonda, viatu au plasta za kuondoa uzito, na muuguzi aliyefunzwa kuvitumia. Vikiwapo hivyo, simu janja itatufaa sana, kwa kuwa itamwonyesha mtaalamu wa mbali kile ambacho mikono iliyo karibu imekwisha kukichunguza. Visipokuwapo, tutapata michoro mizuri ya vidonda vinavyokua.